Masala ya Pakiti na Magunia ya Marikiti

Mwanadamu huishi kwa vitu vya namna mbili: vitu alivyo navyo peke yake, na vitu anavyoshirikiana na wenzake. Mtungi ulio ndani ya nyumba ni wa mwenye nyumba. Kisima cha mtaa ni cha mtaa mzima. Mwenye mtungi hangoji zamu, lakini hubeba uzito wa maji yake mwenyewe. Mwenye kutegemea kisima habebi kitu mpaka aone kiu, lakini kisima kikiingia uchafu huugua pamoja na majirani zake. Ipi njia bora katika hizi mbili? Swali hili ni la zamani, wala sidhani kwamba litakwisha karibuni. Nia yangu katika insha hii ni kukuonyesha, msomaji, kwamba swali hilohilo limo ndani ya kompyuta, mahali ambapo vijana wengi hudhani pana hesabu tupu wala hapana haja ya busara.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba jambo lisiloonekana lifundishwe kwa jambo linaloonekana. Basi nitakupeleka kwanza mahali panapoonekana na kunukia.

Soko kuu la Mombasa liko kando ya Barabara ya Digo, pale mji mpya unapopakana na Mji wa Kale. Wakati wa ukoloni lilipewa jina la Mackinnon. Lakini wenyeji walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya soko, wakalilainisha kwa ulimi wa pwani, likawa Marikiti, na hilo ndilo jina lililodumu. Ndani ya soko mna matunda na mboga. Pembezoni mwake, kuelekea njia nyembamba za Mji wa Kale, yako maduka ya viungo. Magunia yamekunjwa midomo na kupangwa mbele ya mlango: bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga, na karafuu za Unguja na Pemba. Ukutani zimetundikwa pakiti ndogo za masala ya pilau, yaliyokwisha kusagwa na kuchanganywa tayari kwa chungu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari kisiwani humu. Nafundisha Kiswahili na somo la kompyuta. Kwa miaka mingi nimenunua viungo katika duka la mzee mmoja aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Siku moja, baada ya kumwamkia na kuitikiwa, nilimwuliza kwa nini nyumbani kwake hawapiki kwa pakiti anazouza yeye mwenyewe.

"Pakiti ni nzuri, mwalimu," alinijibu. "Anayepanda basi kwenda bara, au baharia anayeondoka alfajiri, nitampa pakiti, naye atapika popote bila ya kunihitaji. Lakini gunia la bizari likiingia mchanga, nalitoa hapa, naleta jingine, na kesho wateja wangu wote wanapika salama. Pakiti nikishazifunga, mwanangu, simjui mwizi ni nani, wala sijui yumo katika nyumba ngapi."

Maneno hayo ni somo zima la kompyuta, nami nimeyatumia darasani mara nyingi.

Programu yoyote, iwe ya kuandikia barua, ya kuchorea picha au ya kusomea habari za intaneti, haifanyi kila kazi kwa nguvu zake yenyewe. Ziko kazi ambazo karibu kila programu huzihitaji: kuonyesha herufi kwenye kioo, kufungua faili, kubana data ili ichukue nafasi ndogo, kuficha siri ya maneno yanayosafiri njiani. Ingekuwa taabu bure kila mtungaji wa programu aanze upya kuzitunga kazi hizo. Kwa sababu hiyo zimetungwa mara moja na kukusanywa katika mafungu, na kila fungu huitwa maktaba. Maktaba hii si ya vitabu. Ni akiba ya kazi zilizo tayari, ambayo programu huichota kama mpishi anavyochota katika magunia ya Marikiti.

Kuchota huko kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kunakili sehemu za maktaba zinazohitajiwa na kuzitia ndani ya programu wakati inapotengenezwa, zikawa sehemu ya mwili wake. Hii nitaiita maktaba ya ndani. Ndiyo pakiti ya masala. Njia ya pili ni kuiacha maktaba mahali pamoja katika kompyuta, na kila programu inapoanza kazi huiendea na kuitumia papo hapo. Hii nitaiita maktaba ya pamoja, ndilo gunia.

Tofauti ya uzito waweza kuipima mwenyewe. Wanafunzi wangu walitunga kwa lugha ya C programu fupi isiyofanya kitu ila kutoa salamu moja kwenye kioo, katika kompyuta yenye Linux. Ilipotegemea maktaba ya pamoja, faili yake ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 16 hivi. Programu ileile ilipotengenezwa na maktaba ndani yake, ilizidi kilobaiti 700. Mvulana mmoja alisema kwamba salamu hiyo imekuja na jiko mgongoni, na darasa zima likacheka. Lakini alikuwa amesema kweli. Tena faida ya gunia haiishii kwenye diski. Programu kumi zikitumia maktaba moja ya pamoja kwa wakati mmoja, maagizo yake hukaa mara moja tu katika kumbukumbu ya kompyuta, na zote kumi huyasoma hapo. Kwa shule yenye kompyuta kuukuu za msaada, jambo hilo si dogo.

Sasa, nani hupanga magunia haya? Linux ni kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida. Hapana budi watu wakusanye maelfu ya programu, wazipatanishe, wazifunge katika vifurushi na kuzitoa kuwa mkusanyo mmoja. Debian ni mkusanyo wa namna hiyo, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004, umejengwa juu ya Debian. Na jina lake ni neno la lugha za Kinguni, ndugu wa neno letu "utu". Watu wa Debian wameandika katika kanuni zao kwamba kifurushi kisibebe nakala yake ya maktaba ambayo tayari imo katika mkusanyo. Wao ni watu wa magunia, na sababu zao zinajulikana.

Mwezi wa Machi mwaka 2002 ilitangazwa kasoro katika zlib, maktaba ambayo kazi yake ni kubana data. Kasoro hiyo ingeweza kumpa mtu mwovu nafasi ya kuiangusha programu, pengine hata kuitawala. Pale ilipokuwa maktaba ya pamoja, dawa ilikuwa kubadilisha kifurushi kimoja. Lakini programu nyingi, na hata kiini cha Linux chenyewe, zilikuwa zimebeba nakala za zlib ndani yake. Ikawa watunzaji wa mikusanyo wanapekua programu moja moja, wakitafuta iliyokwisha kuimeza. Hicho ndicho kilio cha mzee wa Marikiti: hujui mwizi yumo katika nyumba ngapi.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 7 Aprili 2014, ilitangazwa kasoro nyingine katika OpenSSL, maktaba inayoficha mazungumzo ya kompyuta na kompyuta. Ilipewa jina la Heartbleed. Kwa njia yake mtu wa mbali aliweza kusoma vipande vya kumbukumbu ya kompyuta isiyo yake, pengine pamoja na maneno ya siri. Katika mikusanyo yenye maktaba ya pamoja, kifurushi kimoja kilibadilishwa, na programu zilizokitegemea zilipoanzishwa upya zikapona. Zingatia, msomaji, hayo maneno "zilipoanzishwa upya". Programu inayoendelea na kazi huendelea kuishika maktaba ya zamani mpaka izimwe na kuwashwa tena. Gunia jipya halibadilishi chungu kilichokwisha kuinjikwa.

Hata hivyo, mwenye pakiti naye ana hoja zake, na si haki kumhukumu kabla ya kumsikiliza.

Hoja yake ya kwanza ni amani. Maktaba ya pamoja ikibadilishwa kwa faida ya programu moja, yaweza kuidhuru nyingine iliyozoea tabia yake ya zamani. Ndiyo sababu maktaba hizi hupewa namba katika majina yao, na tabia ikibadilika isipatane tena na ya zamani, namba nayo hubadilishwa, ili programu isichote katika gunia lisilo lake. Lakini namba huwekwa na watu, na watu husahau. Hoja ya pili ni safari. Mwalimu aliye mahali pasipo intaneti huletewa programu katika flashi. Anapoiwasha huambiwa kwamba maktaba fulani haipatikani. Akiitafuta hiyo, nayo yadai nyingine mbili. Programu iliyobeba vyake ndani ingeamka bila ya maneno. Hoja ya tatu ni uokozi. Maktaba kuu ya pamoja ikiharibika, karibu kila programu hushindwa kuanza, hata ile ya kunakili faili. Hapo mkombozi ni programu kama BusyBox iliyotengenezwa kwa maktaba ya ndani, ambayo haimtegemei yeyote. Baharia hatupi maji ya akiba kwa sababu bandarini kuna kisima.

Na dunia imezidi kumwelekea mwenye pakiti. Diski zimekuwa kubwa na rahisi. Hapa kwetu, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na mzigo wa kupakua programu ukapungua, ingawa anayenunua bando kwa shilingi chache bado anausikia uzito wake. Mwaka huohuo kampuni ya Google ilitangaza lugha ya Go, ambayo desturi yake ni kutia maktaba zake ndani ya programu. Lugha ya Rust nayo hufanya vivyo hivyo kwa maktaba zake nyingi. Programu za namna hii ni rahisi kusambaza, na watu wengi wanazipenda. Lakini maktaba moja ikionekana na kasoro, hapana budi kila programu iliyoimeza itengenezwe upya. Na Debian wenyewe wamewaonya watumiaji wao, katika maelezo ya matoleo yao, kwamba kazi hiyo inawaelemea.

Kisha ikaja habari ya mwaka 2024, iliyowatikisa hata wale wanaosifu magunia. Tarehe 29 Machi, fundi wa programu aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba maktaba ya liblzma, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, imetiwa maagizo ya siri ya kumfungulia mlango mvamizi. Aliligundua jambo hilo kwa sababu kuingia katika kompyuta ya mbali kulichelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, naye hakukubali kuipuuza nusu sekunde hiyo. Programu ya kuingilia haikuwa imeiomba liblzma yenyewe; katika mikusanyo kadhaa iliunganishwa na maktaba nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyoiita. Sumu iliingia kisimani kwa mfereji ambao wengi hawakuukumbuka. Kwa bahati njema ilijulikana kabla ya kufika katika matoleo thabiti ya Debian.

Je, sumu ilitiwaje? Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kuisaidia kazi ya xz, akatuma marekebisho mema kwa muda mrefu, mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa funguo. Aliyekuwa akiitunza maktaba hiyo kabla yake alikuwa mtu mmoja, aliyeifanya kazi hiyo bila ya ujira, naye alikuwa amechoka. Kompyuta zisizo na idadi zilikuwa zikichota katika gunia lake. Lakini waliomwuliza kama anahitaji mkono walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa mwizi.

Sasa nikueleze jambo lililotukia katika chumba chetu cha kompyuta, maana hapo ndipo nilipotakiwa kuamua, wala si kufundisha tu. Tulikuwa na programu ya kuchorea maumbo ya hesabu, iliyokuja katika kifurushi kilichobeba maktaba zake zote ndani. Wanafunzi waliipenda, na wale wa kidato cha nne walikuwa wakijiandaa nayo kwa mtihani. Mtengenezaji wake alikuwa ameacha kuitolea matoleo mapya. Nilipokifungua kifurushi na kusoma yaliyomo, nilikuta maktaba ya picha ya zamani, ambayo kasoro yake ilikuwa imekwisha tangazwa. Gunia la pamoja katika kompyuta zetu lilikuwa limebadilishwa zamani; ile nakala ya ndani ilikuwa vilevile.

Msichana mmoja aliniambia, "Mwalimu, mbona inafanya kazi vizuri?" Nilimjibu, "Inafanya kazi vizuri, mwanangu. Na pilau ya bizari yenye mchanga hunukia vizuri pia, mpaka uitafune." Hakuridhika, wala sikumlaumu, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu na programu nyingine ya namna ile hatukuwa nayo. Kuifuta kungewanyima wanafunzi chombo chao. Kuiacha katika kompyuta zote zilizounganishwa na intaneti kungewafungulia wageni dirisha. Niliiacha katika kompyuta mbili, nikazitoa hizo mbili katika mtandao, na faili za nje zikawa haziingii humo ila nimeziona kwanza. Wanafunzi walipanga zamu. Ilikuwa taabu, na walinung'unika. Lakini kila mmoja alijua kwa nini anangoja zamu, na nadhani elimu hiyo ilikuwa na thamani kama maumbo waliyoyachora.

Kwa hiyo, ukiniuliza nachagua ipi, nitakujibu hivi. Kwa kompyuta za kila siku zilizo katika mtandao nachagua maktaba ya pamoja, kwa kuwa kasoro haikosekani katika kazi ya binadamu, na njia bora ni ile inayoruhusu kasoro irekebishwe mara moja kwa wote. Kwa chombo cha safari au cha uokozi nachagua maktaba ya ndani. Lakini sikubali kwamba kuchagua kumemaliza kazi. Gunia la pamoja lisilo na mtunzaji ni hatari kwa mji mzima, na pakiti isiyoandikwa yaliyomo ni hatari kwa kila anayeinunua. Mwenye gunia analo jukumu la kujua nani analitunza. Mwenye pakiti analo jukumu la kuandika kilichomo na kuifungua upya kila inapotangazwa kasoro. Anayechagua gunia ili asifanye kazi, na anayechagua pakiti ili asiulizwe, wote wawili wamelikimbia jukumu lilelile.

Nakusihi, kijana, usidhani kwamba utunzaji huo ni wa watu wa mbali tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Waliofanya kazi hiyo walitoka upande wa wachotaji wakaingia upande wa watiaji, na mlango walioupitia haujafungwa. Kusoma maelezo na kuyasahihisha, kuripoti kasoro kwa lugha ya adabu, kutafsiri, kupima toleo jipya kabla ya wengine kulipokea: hizo zote ni kazi za mtu mwenye subira, na nyingine hazihitaji ufundi mkubwa.

Ukipata nafasi mbele ya kompyuta yenye Linux, andika amri ya ldd, kisha njia ya programu unayoiamini, mathalani /bin/ls, ambayo kazi yake ni kuorodhesha faili tu. Utaona majina kadhaa yakishuka kwenye kioo. Hizo ni maktaba za pamoja ambazo hata programu ndogo kama hiyo huzitegemea, na nyuma ya kila jina yuko mtu, au wako watu, wanaoamka na kulitazama. Chagua jina moja katika orodha hiyo, kisha utafute ni nani anayelitunza na anahitaji msaada gani.